Mkono Uliokataa Salamu

Siku niliyokabidhi ufunguo wa kliniki, vijana niliowaachia chumba walininunulia keki, wakaniomba niwaandikie mambo machache ya kuwasaidia kazini. Nadhani walitarajia ukurasa mmoja. Lakini mtu aliyestaafu ana muda mwingi na chai ya kutosha, kwa hiyo mnivumilie. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya neva, kwa kuwa ndizo zilizonimalizia ujana wangu, na juu ya mkono mmoja wa Mweiga uliokaribia kuvunja uchumba wa watu.

Nilianza kazi Doldol nikiwa tabibu, yaani yule ambaye wagonjwa humwita daktari na madaktari humwita wewe. Asubuhi yangu ya kwanza nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kufika saa nne lilikuwa na rangi ya barabara. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Hassan, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, ambaye ngamia alimpiga teke upande wa nje wa goti. Mguu ulikuwa umevimba. Nikampa dawa za maumivu tunazozijua sote, nikamwambia apumzike, na nikajiona nimeanza kazi vizuri.

Hassan alirudi baada ya wiki chache. Uvimbe ulikuwa umekwisha, ngozi haina hata alama, na picha ya mfupa ilikuwa safi. Lakini unyayo ulikuwa unaburuta, na alisema siafu wanatembea juu yake mchana kutwa wakiuma. Nikamwongezea dawa zilezile. Akarudi tena.

"Daktari," aliniambia kwa upole, "hii dawa yako inatibu mimi ama inatibu ngamia? Kwa sababu ngamia ashapona."

Nikamwandikia rufaa kwenda Nyeri, kwa tabibu mmoja mzee aliyesifika kwa maumivu yasiyoeleweka, na kwa kuwa nilitaka kujua mwenyewe, nikaomba ruhusa nikamsindikiza. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Bwana Ndirangu, na ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, kwa teke la ngamia.

Ndirangu alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa sweta mbili hata Januari. Hakumwuliza Hassan swali hata moja. Alimfumba macho kwa kitambaa, akampitishia pamba mguuni, kisha ncha ya pini, kisha nyuzi za nailoni alizozigundisha kwenye vijiti. Nyuzi hizo alizinunua Kiganjo kwa wavuvi wa samaki wa mito ya baridi, nyembamba kwa nene, kwa sababu zile za kiwanda zilikuwa hazijafika huku kwetu. Alikuwa pia na chuma cha meno mawili ambacho ukikigonga hutetemeka, nawe ukakiweka juu ya mfupa kuuliza kama mtu anausikia mtetemo. Wagonjwa wengi walidhani anatafuta network.

"Mguse kwanza, muulize baadaye," alinifundisha. "Ukianza na maswali, atakuambia vile jirani yake alimwambia."

Kisha akanieleza jambo ambalo chuo kilikuwa kimelieleza kwa kurasa nyingi nisilielewe. Maumivu ya kawaida, alisema, ni habari ya kweli. Umeungua, neva inapeleka habari, kidonda kinapona, habari inakwisha. Neva iliyojeruhiwa hupeleka habari hata kama hakuna lililotokea.

"Niko na jirani ako na mbwa," alisema. "Huyo mbwa alipigwa na mwizi zamani. Saa hii anabweka hata jani ikianguka. Wewe umekuwa ukitafuta mwizi na tochi, Doldol yote. Hakuna mwizi. Dawa peleka kwa mbwa."

Zamani dawa za kumtuliza mbwa huyo zilikuwa chache, na zote zilitungwa kwa ajili ya mambo mengine. Moja ilikuwa ya watu wenye huzuni nzito, nyingine ya kifafa. Gabapentini, ambayo ninyi mnaiandika bila hata kuitazama, ilianzia pia kwa kifafa. Neva ikijeruhiwa, vimilango vidogo kwenye ncha zake huongezeka, kalsiamu huingia kwa wingi, na kila mguso mdogo unapigiwa kelele kuelekea uti wa mgongo. Dawa hii hushika vimilango hivyo. Haiponyi neva. Neva hukua yenyewe, pole pole mno, na haikubali kuharakishwa. Dawa hupunguza kelele tu, ili mwenye mkono apate nafasi ya kuishi na mkono wake. Huanza kwa kiasi kidogo, huongezwa kidogo kidogo, huleta usingizi na kizunguzungu, na haikatizwi ghafla. Hayo manne nimeyarudia mara nyingi mpaka mume wangu huyasema usingizini.

Hassan alipata nafuu, na baadaye nikahamishiwa Nyeri chini ya Ndirangu mpaka yeye alipostaafu na kuniachia vijiti vyake. Ningeweza kuwaandikia wagonjwa wengi kutoka miaka hiyo. Niliusikia uchungu wa neva ukiitwa umeme, maji moto, pilipili, siafu, na mama mmoja wa Karatina aliuita wifi, kwa sababu huja bila kualikwa na haondoki. Lakini mnataka mmoja, nami nitawapa Mzee Gathogo, aliyekuja mwaka wangu wa mwisho kazini.

Alikuja Julai, na mnaijua baridi ya Julai. Alikuwa amevaa koti zito, kofia ya sufu, skafu, na mkono wa kulia uko nje mtupu mpaka begani, kwa kuwa alikuwa ameikata ile sehemu ya koti kwa makasi. Nyuma yake alikuja binti yake Wairimu, anayeuza dawa za mifugo Mweiga, akiwa na uso wa mtu aliyelia kwenye gari na kujipangusa mlangoni.

"Daktari," mzee alisema kabla hajaketi, "kata hii mkono."

"Imefanya nini?"

"Inaniharibia boma."

Wairimu ndiye aliyenieleza. Baba yake alikuwa amejikata juu ya kifundo cha mkono kwenye mashine ya kukatia ng'ombe majani. Alishonwa, kidonda kikafunga vizuri. Lakini tangu hapo mkono haukutaka kuguswa. Shuka iliuchoma, upepo uliuchoma, na shati alilivaa nusu. Hayo yote aliyavumilia kimya kimya. Kilichomshinda ni salamu.

Ninyi mliozaliwa juzi huenda hamjali, lakini kwetu mtu hafiki mahali bila kushika mkono wa kila aliyepo, kuanzia babu mpaka mtoto wa mgongoni. Angejikata wakati wa korona, Mzee Gathogo angekuwa raia mwema kuliko wote katika kaunti. Kwa bahati mbaya alijikata salamu zilipokuwa zimerudi kwa nguvu. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya wale wazee wa mlangoni. Aliacha kwenda mazishini. Kisha watu wa kijana aliyetaka kumwoa Wairimu wakaja kutoka Sagana kujitambulisha. Kiongozi wao alikuwa Mzee Njogu, baba mkubwa wa kijana. Alifika langoni akanyosha mkono, naye Mzee Gathogo akauficha wake nyuma ya mgongo, akasema, "Karibuni chai."

Ni hivyo tu. Mzee Njogu alibaki na mkono hewani. Wote waliomfuata wakafanyiwa vivyo hivyo. Walikunywa chai kwa adabu, wakaondoka, na Mzee Njogu akapeleka neno kwamba ameona wazi mtoto wao amekataliwa. Kijana, jina lake Munene, alipiga magoti huku na huku mpaka baba yake mkubwa akakubali kuja mara moja zaidi. Mara moja tu.

"Si ungewaambia unaumwa?" nilimwuliza.

"Niambie watu ati salamu inaniuma?" Mzee alinitazama kama nimemtukana. "Mimi nimepigwa na ng'ombe, nimeumwa na nyuki, nimeanguka kwa mti ya avocado. Niseme salamu ndio imenishinda?"

"Ungewapa mkono wa kushoto."

"Haiya! Afadhali ningewatemea mate."

Nilimfumba macho, nikamgusa kiganja kwa pamba. Aliruka, na ile pamba tuliikuta baadaye juu ya kabati. Lakini nilipomdunga kwa pini kwenye ncha ya kidole kidogo, hakusikia kitu. Huu ndio uchungu wa neva, vijana. Pini haina habari, pamba ni moto. Wanaosema mgonjwa wa namna hiyo anajifanya hawajawahi kushika pamba. Nikagonga taratibu kwa kidole kutoka kovuni kwenda chini, na mahali fulani katikati ya kiganja akasema umeme umepita. Hapo ndipo neva ilipokuwa imefika katika kukua kwake. Ilikuwa inakuja, lakini kwa mwendo wake, na watu wa Sagana hawangeisubiri.

Nikamwandikia gabapentini. Aliipindua tembe kwenye mkono wa kushoto, kisha akautazama ule wa kulia.

"Hii tembe ni kadogo. Na mkono ni kubwa. Hakuna sindano?"

"Hakuna."

"Hata ya matako?"

"Mzee, matako yako yana shida gani?"

Mnajua imani ya watu wetu kuhusu sindano. Dawa isiyouma haijafanya kazi, na dawa ya wiki nyingi ni ya watu wasio na shughuli. Mzee Gathogo alizimeza siku mbili, akaona mkono ungali vilevile, akatoa hukumu. Lakini hakuzitupa, kwa sababu mtu wa Mweiga hatupi kitu. Alimpa mkewe mbili za goti. Nyingine akampelekea jirani mwenye jino bovu, naye jirani alilala usingizi mtamu mpaka lori la maziwa likampita, na maziwa yake ya asubuhi yakawa mala. Jirani alifika kliniki kwetu mwenyewe, amefura shavu na hasira, akitaka kujua ni daktari gani anayewalaza wakulima.

Nilimpigia Wairimu simu. Nilizungumza kwa sauti ambayo mlango wa chumba changu haukuwahi kuizuia, na siku ya pili Mzee aliletwa akiwa mpole kama aliyetoka kuungama. Tukaanza upya. Wairimu alizificha tembe ndani ya pipa la unga, akawa anampa baba yake moja moja na kumtazama mpaka ameze. Kwa mara ya kwanza, dawa ilianza kwenda kwa aliyeandikiwa.

Lakini dawa peke yake haitoshi, na hili mlishike. Kelele ikipungua, mkono lazima ufundishwe tena kwamba kuguswa si vita. Nilimpa masomo ya nyumbani. Wiki ya kwanza azamishe mkono kwenye pamba. Halafu mchele. Halafu maharagwe. Halafu mahindi makavu. Mwisho asugue kwa gunia. Mkewe alinipigia simu.

"Daktari, sisi tutakula nini? Mahindi yote ya githeri imelala na mkono ya mzee."

"Yaoshe."

"Nimeyaosha. Lakini kila nikipika naona mkono."

Siku zake za kliniki zilikuwa Alhamisi, siku ya watu wa neva, na benchi la Alhamisi lilikuwa kitu cha kutazamwa. Ni watu saba au wanane, kila mmoja ana mahali pasipotaka kuguswa, wamekaa wakiachiana nafasi ya kutosha ng'ombe. Walisalimiana kwa kidevu. Mwingine alipiga kiatu chini. Kulikuwa na mama mmoja aliyesalimia kwa kukohoa. Mtu mgeni angedhani ni kikao cha watu waliokosana. Mzee Gathogo alilipenda benchi lile kuliko kanisa.

Ni hapo nilipomfanyisha mtihani. Baada ya wiki kadhaa mkono ulianza kustahimili kuvaa shati zima. Ng'ombe wake alikuwa amekubali kukamuliwa nao. Nikamwita Mama Wambui, aliyesafisha korido yetu na mwenye mkono wa kukamua matambara mpaka yakaushwe na hofu, nikamwambia amsalimie Mzee taratibu. Mama Wambui hajui neno taratibu. Mzee alikunja uso, akahesabu kwa Kikuyu chini ya pumzi, akauvuta mkono wake. Hakupiga kelele. Wale wa benchi wakapiga makofi, wengine kwa mkono mmoja juu ya paja.

"Moja naweza," alisema akiupuliza mkono. "Lakini hao watakuja na Nissan mbili."

Nilimwambia awasalimie wazee kwa mkono na wengine kwa mdomo. Aliniuliza mimi ni mtu wa wapi. Kila alipoondoka nilimwona Wairimu akiutazama ule mkono kama mtu anayetazama mawingu siku aliyoanika mahindi, na kwa kweli nilianza kuogopa pamoja naye.

Ruracio, yaani sherehe ya mahari, ilifanyika Jumamosi, nikaalikwa. Nilikwenda kama mgeni, nimevaa vizuri, na bado nilikuwa na pamba kwenye mfuko wa koti. Mazoea ni ugonjwa. Nilimkuta Mzee Gathogo kwenye kiti chini ya hema, suti nzima, mikono yote miwili ya koti ikiwepo. Alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mzee, umemeza ngapi leo?"

"Ya asubuhi."

"Na?"

"Na ya jioni. Nimetanguliza, watu ni wengi."

Nilitaka kumchapa. Nikamshika kifundo cha mkono wa kushoto nikasikiliza mapigo, nikamtazama akipumua, nikamwuliza jina lake na la chifu, na akayajua yote mawili, la chifu akaongezea maoni yake. Mtu mmoja akapita na pembe ya muratina, nikaipokea mimi kabla haijafika kinywani mwake, maana dawa hii na pombe ni mambo mawili yasiyokutanishwa. Ili nisimwaibishe mwenye pembe, nilikunywa mwenyewe. Kisha nikahamisha kiti changu mahali nitakapomwona akipumua.

Wageni walifika wakiimba. Wanawake wetu wakawazuia langoni kama kawaida, wakatoana jasho kwa nyimbo, lango likafunguliwa. Mzee Gathogo akasimama. Wairimu, aliyekuwa amefichwa ndani na wenzake kama desturi inavyotaka, alikuwa dirishani, na nilimwona ameshika pazia kwa mikono miwili.

Wa kwanza alikuwa Munene. Mzee akampa mkono. Wa pili, wa tatu. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, lakini aliwapa wote, wanawake kwa wanaume, na mtoto wa mgongoni pia. Mzee Njogu alikuwa amejiweka wa mwisho kabisa makusudi, mikono ikiwa ndani ya koti lake kubwa la manyoya ya kondoo, anasubiri kuona. Alisimama mbele yake bila kunyosha kitu. Mzee Gathogo akanyosha yeye kwanza. Njogu akautoa mkono wake, na wakashikana.

Na Mzee Gathogo hakumwachilia. Akaketi naye, mkono ndani ya mkono, Njogu ikabidi aketi kiti cha pembeni. Watu wakanong'ona kwa furaha. Mimi peke yangu ndiye niliyeona macho yake yakijifumba. Dawa ya asubuhi na ya jioni zilikuwa zimekutana. Mzee alilala palepale, ameketi wima, kofia kichwani, amemshika mkwe wake wa kesho kwa nguvu zote.

Msemaji wao akasimama, akaongea kwa muda mrefu juu ya mwana-kondoo aliyepotelea boma hili. Msemaji wetu akajibu kwa muda mrefu zaidi. Chai ikaletwa, Njogu akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kila aliyemtazama. Alijaribu mara moja kuuvuta wa kulia, pole pole. Mzee Gathogo akakaza. Ndipo uso wa Njogu ulipobadilika.

"Kuna neno la ile siku ya kwanza," msemaji wetu alisema kwa uangalifu. "Tungependa kujua kama bado liko."

"Liko wapi?" Njogu akajibu. "Mimi tangu nioe sijawahi kushikwa hivi. Si mnaona wenyewe? Amefumba macho, anafikiria. Hilo neno limeisha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilikuwa nikitazama ukingo wa lile koti, yale manyoya magumu ya kondoo, yakipita juu ya kovu la Mzee Gathogo kila Njogu alipoinua kikombe. Yanakwenda, yanarudi. Pamba ilimrusha mtu yule mpaka kwenye dari mbele ya macho yangu, na sasa kondoo mzima anamsugua naye amelala kwa heshima. Mtaniuliza kama ni tembe, au neva iliyokua, au mahindi ya githeri. Sijui. Nilikaa pale na pembe tupu ya muratina mapajani, machozi yananimwagika mbele ya watu wa Sagana, na sikuona aibu.

Vigelegele ndivyo vilivyomwamsha. Alifungua macho, akaangaza angaza.

"Wageni wamefika?" aliuliza.

"Tumefika," Njogu akamwambia. "Na umenishika."

Mzee Gathogo akatazama chini. Aliutazama mkono wake kwa muda, ulivyokuwa umelala ndani ya mkono wa mtu mwingine, na manyoya juu yake. Chakula kilikuwa kimewekwa mbele yao, mvuke unapanda, na Njogu akauliza kwa adabu kama anaweza sasa kurudishiwa mkono wake ale.

"Ngoja kidogo," Mzee Gathogo akasema. "Tafadhali, ngoja tu kidogo."